Mwalimu Aliyenusa Visahani

Nianze na pua yake, maana ndiyo iliyonichefua kwanza. Siku yangu ya kwanza kazini nilimkuta Mwalimu amesimama dirishani, ameshika kisahani cha kioo chenye utelezi wa kijivu na vidoa vyeupe, kainamisha uso, kafumba macho, anavuta pumzi ndefu kama mtu aliyefunua sufuria ya pilau. Akakifunika, akaandika kitu kwenye daftari, akachukua kingine. Vilikuwa zaidi ya ishirini na alivinusa vyote. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeelezwa kwamba mle ndani ni marufuku kula, kunywa, wala kusogeza pua kwenye chochote. Nikajiuliza nimeletwa kwa mwalimu au kwa kichaa.

Nilifanya kazi naye miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo: visahani, chupa, mirija, vyote vilivyopita mikononi mwake na mwa wanafunzi wake katika maabara moja pale Dodoma mjini. Watu wakisikia maabara wanafikiria weupe. Hawajawahi kusimama mbele ya sinki langu Jumatatu asubuhi. Mwalimu alikuwa anafuga bakteria wa udongo, na kila alichokifuga kilinuka kwa namna yake. Kuna walionuka togwa iliyopitiliza, kuna walionuka kitambaa cha kufutia meza kilichosahauliwa ndani ya ndoo, kuna walionuka kitu nisichokuwa na jina lake na sitaki kukitafutia. Wachache walinuka ile harufu nzuri ya vumbi linapopigwa na mvua ya kwanza, na hiyo nayo Mwalimu akaniharibia, aliposema kwamba siku zote harufu ile ni ya bakteria hao hao. Tangu hapo, mvua ya kwanza ikishuka, majirani zangu wa Makole wanatoka barazani kuifurahia, mimi nafunga dirisha.

Niseme mapema ili nisidhaniwe vibaya: mimi ni mtu wa kinyaa. Nimekulia Kondoa kwa mama aliyesugua sufuria kwa majivu mara mbili na bado akaipitishia kidole. Siwezi kula kwa mtu nisiyejua jiko lake. Kwa hiyo kila ninachosimulia hapa kimepitia kwenye pua yangu, na pua yangu haina huruma.

Koti la Mwalimu lilikuwa jeupe hapo zamani. Kwenye mfuko wa juu alipachika vijiko vitatu vya chai, na ndivyo alivyochotea udongo: kwenye kichuguu, kwenye tope la bwawa lililokauka, chini ya mzoga wa mbuzi kando ya barabara. Akimaliza alikipitisha kijiko kwenye moto wa spiriti, basi, kwake kimetakata. Siku moja nilimwona anakorogea chai yangu kwa kijiko hicho, kwa wema kabisa, maana nilikuwa nimeshika trei kwa mikono miwili. Nikamtazama.

"Kimepita motoni, Mama Salma," akaniambia.

Chai ile niliimwaga alipogeuka. Karanga alizitafuna humo humo ndani, maganda akayatia mfuko wa suruali, na suruali hiyo ndiyo aliyopigia magoti kwenye mazizi ya ng'ombe. Alipenga kamasi kwa leso ambayo nadhani ilikuwa na umri wa mwanangu. Na bado, katika miaka tisa, sikuona hata kisahani chake kimoja kimeingiliwa na ukungu wa nje. Wanafunzi wake walivaa glavu, wakafunga midomo, wakajipaka spiriti mpaka viwiko, na vyao vikaharibika kila wiki, vikaja kwangu vimeota manyoya. Jambo hilo lilinikera kuliko uchafu wenyewe.

Neno lake lilikuwa moja: "Umepima?" Alimwuliza kila mtu. Mama wa kantini alisema leo maharage yameiva vizuri, akaulizwa, "Umepima?" Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba mama mkwe wake hampendi. "Umepima?" Tulicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Aliamini kwamba nusu ya maneno ya duniani hayajapimwa, na nusu nyingine yamepimwa na mtu mwenye haraka. Ukimwuliza lini atamaliza utafiti wake, alijibu "Bado," na hakuongeza hata herufi.

Utafiti wenyewe niliuelewa kwa mgongo. Yeye aliwafundisha wanafunzi mezani, mimi nikiwa nimewageuzia mgongo kwenye sinki, maji yanatiririka, napata maneno mawili napoteza matatu. Nilichookota ni hiki. Bakteria wa udongo wanaishi wamebanana, chakula kidogo, na kila kabila lina sumu yake ya kufukuzia majirani. Binadamu amekuwa akiiba sumu hizo tangu zamani na kuzigeuza dawa: za vidonda, za kifua, hata baadhi ya dripu za saratani. Mwalimu alikuwa na ugomvi na saratani ya damu, na hasa ile iliyokwisha kuizoea dawa. "Dawa inaingia kwenye seli," aliwaambia, "seli inaitoa nje. Mgeni anapokewa mlango wa mbele, anatolewa wa nyuma, hata maji hajanywa." Alitafuta sumu ambayo seli hiyo sugu haijawahi kukutana nayo na haijui kuitoa.

Alikuwa anakuza bakteria kwenye chupa kubwa juu ya mashine inayotikisika mchana kutwa, akikamua kile walichokitoa, akikikausha mpaka kibaki kitu kidogo cheusi kinachonata. Sehemu aliipeleka kwa wenzake wa nje ya nchi waliokuwa wakifuga seli hizo sugu, kisha tukasubiri majibu kwa wiki na wiki. Mengi yalirudi hayana kitu. Mwishowe zikabaki aina mbili zilizozungumzwa kwa sauti ya chini, nazo aliziita kwa jina la mahali udongo wake ulipotoka. Moja iliitwa Zizi. Nyingine iliitwa Chumvi.

Udongo wa Zizi nilikuwepo ulipochukuliwa, kwa sababu siku hiyo mwanafunzi aliyepaswa kubeba vifaa aliugua. Tulikwenda kwa mfugaji mmoja, mwendo kidogo nje ya mji. Mwalimu aliongea naye Kigogo kwa muda mrefu, akaulizia ng'ombe kwanza na watu baadaye, halafu akaingia zizini na kupiga magoti kwenye samadi mbichi mbele ya ng'ombe waliokuwa wanamshangaa.

"Mwalimu, samadi mmekosa huko mjini?" mzee yule akamwuliza kwa Kiswahili, ili nami nisikie.

"Natafuta wadudu, mzee."

"Wadudu wangu ni kupe. Chukua wote."

Mwalimu akacheka, akachota kwa kijiko chini kabisa, akakileta puani. Ilibaki nukta ya samadi kwenye ncha ya pua yake na alirudi nayo mpaka Dodoma. Nilikaa kwenye gari nimegeukia dirishani njia nzima. Chumvi ilikuwa habari nyingine. Ilitoka kwenye mbuga zile za upande wa Bahi ambako kinamama hukusanya udongo wa magadi na kuupika mpaka upate chumvi. Alikwenda bila mimi akarudi na mfuko wa udongo mkavu, mweupe, unaometa kidogo. Ule nilikubali kuushika.

Nilisema ananichefua, lakini si wote pale kazini waliokuwa kama yeye. Tulikuwa na Mkuu wa idara, mtu nadhifu, shati limenyooka, ukipishana naye kwenye korido unabaki na manukato yake mpaka saa sita. Nilimpenda, sifichi. Walipokuja wageni wakubwa, Mkuu alisimama mbele yao akasema kwamba udongo wa Dodoma umeishinda saratani ya damu. Watu wakapiga makofi. Mwalimu, aliyekaa mstari wa nyuma na maganda ya karanga mapajani, akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Samahani, Mkuu. Kilichokufa ni seli kwenye kisahani. Seli kwenye kisahani hata sabuni ya Mama Salma inaziua."

Watu wakacheka na kugeuka kunitafuta. Nilikuwa mlangoni na trei ya maji, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Sikumsamehe kwa siku nyingi, na katika hasira hiyo sikuyasikiliza maneno yenyewe. Niliona tu mzee mchafu anamwaibisha mtu msafi, na mimi nimetumika kama kitambaa.

Maneno ya Mkuu yalitoka nje kabla wageni hawajafika kwenye magari yao. Baada ya wiki chache kulikuwa na kijana sokoni anayeuza udongo wa magadi kwenye vifuko vya plastiki, anaita kwamba ni ule wa maabara, unasafisha damu. Mwalimu alipopata habari hakwenda polisi wala kwa bwana afya. Alichukua kigoda, akaenda kukaa kando ya yule kijana tangu asubuhi. Kila mteja aliyeinama, Mwalimu alimwamkua na kumweleza kwamba yeye ndiye wa maabara, na kwamba udongo huo utampa kuhara.

"Mzee, unaniharibia kazi," kijana akamwambia.

"Na wewe unawaharibia matumbo. Tuendelee wote."

Siku ya tatu kijana alihama na udongo wake. Nilipita pale nikaona Mwalimu anamega mhogo wa kuchoma kwa vidole vile vile, anampa nusu mama wa nyanya, na mama wa nyanya anakula. Nikapita upande wa pili wa njia. Ninachotaka mkumbuke ni kwamba mtu huyu alikuwa tayari kukaa juani siku tatu kumfafanulia mpita njia asiyemjua. Alimweleza mfugaji. Wanafunzi aliwaeleza mpaka wakasinzia. Mimi nilimwambia "Shikamoo, Mwalimu" kila asubuhi kwa miaka tisa, akajibu "Marahaba, Mama Salma, vyombo?" na hapo mazungumzo yetu yakaishia.

Sasa nifike kwa Rukia.

Rukia alikuwa mtoto wa mdogo wangu Hadija, wa Kondoa. Alikuwa na miaka minane, mkaidi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alianza kwa kuchoka na kutoka damu kwenye fizi, wakampima, ikawa saratani ya damu. Wakaja wote wawili kukaa kwangu Makole ili awe karibu na hospitali. Zile dripu za kwanza zilimwangusha nywele lakini zilifanya kazi. Miezi kadhaa damu yake ilikuwa nzuri, akanenepa, akavunja kioo cha kabati langu kwa mpira. Kisha ugonjwa ukarudi, wakamtundikia dawa zile zile, na safari hii ugonjwa haukujali. Daktari alimweleza Hadija kwa upole kwamba umekuwa sugu. Hadija alinirudia na neno hilo kama mtu aliyepewa barua kwa lugha asiyoisoma. Mimi nililijua. Nilikuwa nimelisikia mgongoni kwangu miaka mingi.

Nilimfuata Mwalimu mchana mmoja wanafunzi walipokwenda kula. Nilimwambia nina mtoto nyumbani, nikamwambia ana nini, nikamwambia dawa zimekataa. Nilimwomba anipe kidogo tu katika vile alivyovikamua. Sikuwahi kumwomba mtu huyu hata kalamu.

 Akatazama friji, akatazama vidole vyake vyenye kucha nyeusi. "Hiyo si dawa, Mama Salma," akasema mwisho. "Pole sana kwa mtoto. Bado."

"Bado mpaka lini?"

"Rudi kwenye vyombo," akasema, akageukia meza yake.

Nikarudi kwenye vyombo. Nilisugua kwa hasira mpaka nikapasua mrija. Mtu anayenusa uozo mchana kutwa, nikajiambia, mtu anayekula karanga juu ya sumu, leo ndiye anayejifanya mwangalifu, na kwa mtoto wangu. Nilimchukia kwa namna ambayo sijapata kumchukia mtu. Na pale pale, nikiwa na chuki hiyo na mikono majini, nikaanza kufikiri kwa akili yangu ya mwosha vyombo.

Mwosha vyombo anaijua nyumba kwa masufuria. Sufuria inayoletwa kila siku ndiyo ya chakula kinachopendwa, na inayokuja mara moja kwa mwezi ni ya kitu kilichowashinda. Chupa za Zizi zilikuja sinkini mara chache sana. Chupa za Chumvi zilikuja kila wiki, wakati mwingine mara mbili, zimeandikwa kwa mwandiko wa Mwalimu mwenyewe, si wa wanafunzi. Alikuwa anaitengeneza tena na tena. Nikasema, hiyo ndiyo. Hiyo ndiyo iliyofanya kazi, ndiyo maana hachoki nayo. Na niseme ukweli wote: nilifarijika kuwa ni Chumvi. Ya zizini nisingeweza kuisogeza kwenye kinywa cha mtoto.

Niliichukua Alhamisi mchana, kichupa kidogo kilichokuwa nyuma ya friji, nikakifunga ndani ya kanga. Nyumbani nilikizimua kwa maji ya moto. Nilimpa Rukia vijiko viwili kila asubuhi ndani ya uji, Hadija akiwa bombani au amelala baada ya kukesha. Siku ya kwanza aliusukuma.

"Mama mkubwa, uji unanuka."

"Kunywa mwanangu, ni dawa."

"Ya hospitali?"

"Ya kazini kwangu."

Akanywa. Alikuwa amejivunia sana kazi yangu, aliwaambia wenzake wodini kwamba mama yake mkubwa yuko maabara. Siku ya tatu alianza kutapika. Siku ya tano midomo na ulimi vilikuwa vidonda, na daktari alisema hali hiyo hutokea mwishoni. Siku ya sita kichupa kilikwisha. Rukia alifariki Jumatano iliyofuata, asubuhi, kichwa kikiwa mapajani mwangu kwa sababu Hadija alikuwa ametoka kutafuta barafu ya kumlowanishia midomo.

Mwalimu alikuja msibani Kondoa kwa basi. Aliketi kwenye jamvi la wanaume na viatu vyenye tope alivivua akaviweka palipokuwa na njia ya watu, akala wali kwa mkono aliouosha kwa matone mawili ya maji. Alimpa Hadija pole kwa sauti ya chini na kwa maneno machache, vizuri kuliko wengi. Mimi alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Niliuvuta wangu nikaenda kuunawa kwa sabuni nyuma ya nyumba, mara tatu, na nilipomaliza sikujua ni mkono wa nani niliokuwa nauonea kinyaa.

Niliporudi kazini alikuwa anakitafuta kichupa. Aliwauliza wote, kisha mimi. Nikasema nilikivunja wakati wa kuosha, samahani. Akaandika kwenye daftari kwamba kimevunjika. Hakuuliza kwa nini kichupa kilichojaa kilikuwa sinkini. Mtu wa "Umepima?" akaniamini hivi hivi.

Alistaafu. Nami niliacha kazi mwaka uliofuata, nikisingizia mgongo. Nilidhani nimemaliza. Lakini Hadija ananipigia simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa, baada ya kuniamkia na kuulizia watoto, anasema lile lile: "Mungu akulipe, dada, ulimlea mwanangu mpaka mwisho." Kwa miaka mitano niliitikia amina. Nimeosha kila uozo unaoweza kuota kwenye kioo, na hakuna hata mmoja ulionichafua kama neno hilo amina kwenye ulimi wangu mwenyewe.

Mwezi uliopita nikapanda gari kwenda Msalato. Mwalimu amejenga huko, upande wa uwanja mpya wa ndege. Nilimkuta uani kwenye kiti cha plastiki, amekonda, mguu mmoja umevimba, kucha zile zile. Nikamwamkia. Akaniitikia, na kwa mara ya kwanza hakuuliza vyombo.

Sikuzunguka. Nilimwambia yote: kichupa, kanga, uji. Nilitegemea atashtuka, au atanifukuza, na nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Yeye aliinuka taratibu, akaingia ndani, akarudi na daftari. Akakaa. Akafungua ukurasa mweupe.

"Vijiko vya chai au vya chakula?"

Nikamwambia vya chai.

"Ulizimua kwa maji kiasi gani? Kabla ya kula au baada? Kutapika kulianza saa ngapi baada ya uji?"

Aliuliza na kuandika, aliuliza na kuandika.  Mtoto wa mdogo wangu alikuwa anageuka mistari kwenye daftari la mzee huyu, kati ya kichuguu na mzoga wa mbuzi. Lakini nilijibu. Nilijibu kila swali, maana hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hata moja, na nilikuwa nakumbuka kila kijiko.

"Kwa nini ulichagua Chumvi?" akauliza mwisho.

Nikamweleza habari ya sinki. Ndiyo iliyokuja kuoshwa kila wiki, nikasema, kwa hiyo nilijua ndiyo iliyofanya kazi.

Mwalimu akaweka kalamu chini. 

"Ilikuja kila wiki kwa sababu nilikuwa narudia," akasema. "Chumvi iliua seli sugu. Halafu ikaua na seli nzima, za damu ya mtu asiyeumwa. Nilidhani nimekosea. Nikaitengeneza upya, tena na tena, nikitafuta kosa langu. Halikuwepo."

"Na Zizi?"

"Zizi iliua zile sugu ikaziacha nyingi katika zile nzima. Chupa zake zilikuwa chache kwa sababu bakteria wake anakua kwa shida. Nayo pia ni kwenye kisahani, Mama Salma. Hata leo wanaoiendeleza hawajampa mtu."

"Ya zizi nisingempa," nikasema. "Nilikuwa naionea kinyaa."

 Nikauliza kile kilichonipeleka. "Mwalimu, nilimuua?"

"Sijui."

"Sema hapana. Mtu mzima yeyote angesema hapana."

"Mtoto alikuwa anakufa. Midomo ile ingeweza kuwa ugonjwa, ingeweza kuwa dripu, ingeweza kuwa Chumvi. Hakuna aliyepima kiasi gani kinapita tumboni kikafika kwenye damu. Sijui, na yeyote atakayekwambia anajua, anakudanganya."

Nilitaka kumtemea mate. Nilitoka Makole kuja kutafuta neno moja, na mzee huyu mwenye leso ya kamasi kifuani hakutaka hata kuniazima.

"Kuna kimoja ninachokijua," akaendelea. Alikuwa ananitazama mimi, si daftari. "Siku ile uliponiomba, ningekukalisha na kukuonyesha majibu. Nusu saa tu. Ungeona mwenyewe seli nzima zimekufa zote. Yule muuza udongo nilimpa siku tatu. Wewe nilikwambia urudi kwenye vyombo. Hilo ni langu, na nimeliandika hapa."

Akanigeuzia ukurasa. Lilikuwepo kweli, chini ya vijiko vyangu, kwa mwandiko ule ule, mstari wake mwenyewe. Nililisoma mara mbili. Nilitaka anitake radhi vizuri zaidi ya hapo, na nilijua hajui namna nyingine.

"Mama wa mtoto anajua?" akauliza.

"Hajui."

"Basi tumejua sisi wawili tusiomzaa."

 Jua lilikuwa limefika miguuni kwetu. Nikatoa simu kwenye mkoba, nikaitazama, nikairudisha, nikaitoa tena. Haikuwa Ijumaa.

"Akitaka kuuliza kilichokuwemo ndani," Mwalimu akasema, "nipe mimi simu. Sitamficha."

Ikaita mara mbili. Nilisikia kuku wa Kondoa kabla ya sauti yake.

"Shikamoo, dada," Hadija akasema.

"Usiniamkie, mdogo wangu," nikamwambia. "Kaa chini kwanza. Kuna kitu nilikuwa namtilia Rukia kwenye uji."